Mama Kavuo na Mufereji wa Vuhovi

Mama Kavuo wa mutaa wa Kimemi ni fundi wa kupakaa simenti. Alianza kwa kubebea bafundi muchanga. Leo bafundi wale wale banamuita amalizie kuta zao. Ukuta anaupima na kiganja, basi. Mimi ninauzisha vifaa vya kujenga, na mutu wa kubishana bei kama yeye sijaona bado.

Kule kijiji cha Vuhovi, papa Issaka, musafirishaji wa Beni, alijenga mufereji wa kuleta maji ku mashini yake ya kusaga mahindi. Ndani alipigisha tirolien, ile simenti ya vidonge-vidonge yenye batajiri banapakaa ku nyumba. Siku ya kujaribu, maji ilijaa katikati ya njia, ikamwagikia shamba ya mahindi ya mama Rébecca, jirani wa mufereji. Mashini ilizunguka mara mbili, ikasimama. Kijiji kikasema: mashini isipozunguka samedi, ile Jumamosi yenye inakuja, mufereji unafungwa.

Issaka alitaka kupandisha kuta. Ningemuuzisha simenti mingi, lakini muteja mwenye kulia harudi. Nikamuletea Kavuo.

Kavuo akatupa pumba mu maji. Ya katikati ilikimbia. Ya karibu na ukuta ilizunguka-zunguka palepale.

—Papa Issaka, maji yako iko napigana na ukuta.

—Ile ni ukuta ya nguvu, mama! Hata nyumba yangu iko hivyo.

—Nyumba yako hapana kimbia. Hapa kila kidonge inakamata maji, inaizungusha, mbio inaishia pale. Unipe mifuko mine ya simenti.

—Mibili.

—Mine. Ao ulainishe na mate yako.

Akapewa mine. Alifunga maji, akagonga vidonge vikaanguka, akalainisha na simenti tupu, kiganja kikipita nyuma ya mwiko. Lakini kipande cha mwisho, chini ya mashini, pale maji inatokea kisha kuizungusha, hakukigusa.

—Huku umesahau, Issaka akasema.

—Sikusahau. Huku maji imemaliza kazi. Tunataka ichoke, isichimbe shamba ya batu.

Samedi, maji ile ile ilipita kiganja kizima chini ya ukingo. Hakuna tone lililomwagika. Mashini ikazunguka, haikusimama. Kijiji kizima kiliangalia Rébecca. Akafungua gunia lake, akamwanga mahindi mu mashini.

—Papa Issaka, ya kwanza kusagwa ni yangu, na mimi hapana lipa. Mahindi yangu ulishaiogesha.