Sahani ya Getruda

"Jirani, hivi huko mnakofumba macho, mnasali au mnasinzia?"

Getruda alimuuliza Rosina swali hilo mlangoni, futi ya kupimia nguo ikining'inia shingoni. Rosina akacheka tu. Alikuwa ameahidi kutosema.

Wote wawili walikuwa kwenye utafiti mmoja hapo Kilole. Asnath, binti wa chuo kikuu aliyezaliwa milimani Lushoto, alitaka kujua kama mtu akifundishwa kukaa kimya na kuifuata pumzi yake, akili itaacha kutangatanga, na kama ataweza kushika jambo kichwani huku anafanya lingine. Akina mama wa asubuhi, Rosina akiwemo, walifundishwa pumzi. Wa mchana, Getruda akiwemo, walifundishwa lishe na usafi wa maji. Kwanza wote walipimwa: unasomewa tarakimu, nawe unazitaja kuanzia ya mwisho. Kisha Asnath akawaomba kwa upole, "Mama zangu wa asubuhi, msiwafundishe wa mchana mpaka nimalize. Mkichanganya, sitajua kilichosaidia ni kipi."

Rosina aliitikia kwa sauti kuliko wote. Mama Hosiana, kama wanavyomwita, ni mama wa kwaya ya Kilutheri, na neno lake huwa neno. Mwanzoni hata hiyo pumzi aliiogopa, asije akawa anaabudu asichokijua. Halafu akakumbuka ni Mungu aliyempulizia mtu pumzi hiyo, moyo ukatulia.

Getruda ni fundi cherehani. Tangu amzike mumewe, akili yake ilikuwa kama kuku aliyekata kamba. Siku moja alikata mikono ya gauni la bibi harusi, yote miwili ya kushoto. Mabinti wa mtaani hawakumwacha.

"Mama Filemoni, bibi harusi wako atakula pilau kwa mkono gani?"

Alicheka nao. Kisha akaingia ndani akalia, na Rosina akamsikia, maana ukuta wao ni mmoja.

Jioni ile ile Getruda, macho bado mekundu, akamletea jirani yake sahani ya makande. Sasa huku kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Kama huna kitu utaweka hata ndimu, hata chumvi kidogo. Rosina aliiosha, akatazama jikoni, hakuona cha kuweka. Unga wenyewe ulikuwa bado mashineni. Akasimama na ile sahani mkononi, kilio cha mchana bado ki masikioni. Mwisho akaenda nayo hivyo hivyo.

"Nimekosa cha kuweka, jirani. Kaa hapa, fumba macho."

"Tunasali?"

"Nyamaza kwanza. Sikiliza pumzi inavyoingia na kutoka. Akili ikikimbia usiigombeze, irudishe tu, kama mtoto aliyetoka uani."

Wakakaa. Getruda akafumbua jicho moja. "Yangu imeshafika Mashewa, iko shambani kwa marehemu."

"Irudishe polepole."

Ikawa kawaida yao kila jioni. Getruda akatulia, magauni yakapata mkono wa kulia na wa kushoto. Lakini Getruda naye ana majirani, na majirani wana sahani. Haukupita muda, akina mama wa mchana wote wakawa wanafuata pumzi, mashineni, hata kwenye foleni ya maji, kila mmoja akimwonya mwenzake asiseme.

Asnath alipowapima tena, wa asubuhi walikuwa wamepanda, na wa mchana wamepanda vile vile. Akapita kumuaga Rosina kabla hajaenda Handeni, uso umemshuka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona umenyong'onyea?"

"Mafunzo hayajasaidia, mama. Waliofundishwa lishe wamepata sawa na ninyi. Labda ni kuzoea tu vipimo. Nitaandika hivyo, na akina mama wa Chanika, huko Handeni, wanaoyasubiri hawatayapata tena."

Rosina akamtilia chai. Akisema, Getruda ataonekana mwizi, naye hakuiba, alipewa. Asiposema, binti wa watu ataandika uongo bila kujua. Akanyamaza, na Asnath akaenda zake.

Jumapili kwayani, Rosina aliingia kwenye wimbo kabla ya wenzake. Nyumbani akafumba macho aifuate pumzi. Kila akiirudisha akili, inarudi na uso wa yule binti. Akamgongea Getruda akamweleza yote.

Getruda aliuma uzi kwanza. "Nenda kaseme. Lakini wasije wakanikataza, jirani. Nitarudi kulekule."

Kesho yake Rosina akapanda basi la Handeni, akaulizia Chanika mpaka chumba alichopanga Asnath. Alisema akiwa amesimama, hajavua hata kitenge cha mabegani. Asnath akajifunika uso kwa viganja.

"Mama Hosiana. Wewe ndiye niliyekuamini kuliko wote."

"Najua, mwanangu."

Rosina hakujitetea. Kisha akasema alichokuja kuomba.

"Andika kwamba kosa ni langu, si la pumzi. Wa Chanika wafundishe. Na Getruda usimkataze."