Hanang Pamoja na Baba Mkwe

Jamani, nyie mlioniona nikiondoka Tabora na buti miguuni mkacheka, leo mnisikilize. Miaka yote ya ndoa yangu nimekuwa nikiuona mlima Hanang kwa dirisha la basi tu, umesimama peke yake pale Katesh, na kila mara nikisema, "Mwakani." Safari hii nikakata shauri: tukienda kwa wazazi wa mume wangu Boay kule Tumati, sirudi bila kukanyaga kilele. Na kwa kuwa mdomo wangu mnaujua, niliwatambia hadi mkanichoka. Kurudi nimeshindwa ingekuwa aibu ya kufa mtu.

Kutoka Singida tulipita Katesh bila kushuka, tukaenda mpaka Dareda, tukasubiri gari la kupanda Dongobesh. Ushauri wangu wa kwanza ni huu: sweta livaliwe kabla ya kuanza kupanda ule ukingo wa Bonde la Ufa. Mimi nililiweka chini kabisa ya begi, na begi lilikuwa juu ya gari. Nilifika huku meno yakigongana, Boay ananicheka. Huko kondakta anasema mkoa ni Manyara, wazee bado wanasema Arusha, nanyi mkubalieni kila mmoja.

Tumati tulipokelewa na ugali wa moto na maziwa mgando. Jioni, tumekaa karibu na moto, nikatangaza mpango wangu.

"Mimi simo," akasema Boay. "Nimezaliwa milimani. Nimepanda vya kunitosha mpaka kaburini."

Watu wakacheka. Baba mkwe, ambaye kwa kawaida husema maneno mawili kwa siku, akaweka bakuli chini.

"Nitakwenda naye mimi."

Kumbe alipokuwa kijana alichunga ng'ombe wa mjomba wake huko Gehandu, akiuona ule mlima kila asubuhi, na hakuwahi kufika juu. Sasa ameshawagawia watoto mashamba. "Mwakani magoti yatakataa," akasema. Nani angembishia? Na kwa kuwa mkwe na mkwe hawasafiri peke yao, wifi yangu Paskalina akaambiwa aandamane nasi.

Hapa lazima mnielewe. Yule ni mkwe wangu. Jina lake silitaji hata humu. Simpiti mbele, simkatizi maneno, na akisema nyeupe, ni nyeupe. Haya nawaambia nyie wa Tabora tu, Tumati yasifike.

Katesh tulilala kwenye nyumba ya wageni ya mama mmoja mfanyabiashara, aliyetufungia viazi vya kuchemsha na karanga. "Maji chukueni hapa hapa," akatuonya. "Huko juu hakuna bomba wala kijito." Kibali tulikata mapema, na mwongozaji tukampata kijiji cha Jorodom, mtu mzima mpole aitwaye Tluway. Msijaribu kwenda bila mwongozaji. Njia za ng'ombe na njia ya watu huko chini zinafanana, na ng'ombe hawaendi kileleni.

Alfajiri tukaanza. Tluway mbele, kisha baba mkwe na fimbo yake, kisha Paskalina, mimi nyuma. Msituni miti imevaa kuvu la kijani na mizizi inateleza, kwa hiyo kila mtu awe na fimbo, na viatu vipya acheni nyumbani. Mzee alikuwa akitembea vizuri kuliko sisi, ananionyesha miti ya dawa na kunitajia majina yake kwa Kiiraqw. Sijawahi kumsikia akiongea kiasi kile.

Tulipotoka kwenye miti, upepo ukatupokea. Chini tuliona ziwa Balangida na kingo zake nyeupe za chumvi, mashamba yamekatwa vipande vipande hadi macho yanapoishia. Nilifurahi mno. Nikapiga vigelegele peke yangu kwenye majani, Paskalina akanifinya.

Saa nne ikapita. Sasa mjue kwamba Hanang ni mlima wa uongo. Unaona kilele, unakazana, ukifika unakuta ni kigongo tu, na kilele kimehamia mbele. Kwenye kigongo cha pili mzee aliacha kuongea. Kwenye cha tatu alianza sentensi, hakuimaliza. Akakaa juu ya jiwe la majimaji kama hakuliona. Nilipomtazama usoni, midomo imekuwa ya kijivu.

Nikamvuta Tluway pembeni. "Huyu si mzima."

"Naona, dada. Hewa imemzidi. Ungekuwa wewe, ningeshakurudisha. Lakini mzee kama yule nimwambie rudi? Semeni wenyewe, baba ni wenu."

Nikamgeukia wifi. "Paskalina, mwambie baba."

"Thubutu! Mimi nimwambie baba ameshindwa, mbele ya mkwewe? Humjui. Ukimwambia hivyo ndiyo anaongeza mwendo."

Nami je? Mkwe! Basi tukaendelea, watu wazima watatu wenye akili zetu, tunamsindikiza mgonjwa kupanda mlima kwa heshima zote. Niliogopa, jamani. Nilijiona nikirudi Tumati na maiti, nikimwambia mama mkwe kwamba tulimwonea haya.

Ukungu ukafunguka kidogo. Tluway akanyoosha fimbo. "Ule pale. Ule ndio wenyewe sasa."

Nikautazama. Ulikuwa karibu, na miguu yangu ilikuwa na nguvu, wallahi ningefika huku naimba. Hapo hapo baba mkwe akakanyaga pasipo na kitu, akayumba, Tluway akamdaka koti. "Twendeni," akasema, anahema. "Twendeni tu."

Nikakaa chini katikati ya njia.

"Baba, naomba unisamehe. Nimeshindwa."

Akageuka taratibu. "Umeshindwa?"

"Nimeshindwa, baba. Kichwa kinagonga, miguu haina nguvu. Naogopa. Naomba unirudishe."

Akaegemea fimbo yake kwa mikono miwili, akanitazama. Paskalina naye alikuwa akinitazama, mdomo wazi.

"Pole, mwanangu," akasema. "Mgeni haachwi njiani. Tluway, tunashuka."

Akaniwekea mkono begani ili, kwa maneno yake, nisianguke. Uzito wote ulikuwa wake. Nilishuka nao pole pole, bega linaniuma, sikugeuka kutazama nyuma kwa sababu ningelia. Tulipoingia tena msituni pumzi zikamrudia. Akala kiazi. Chini zaidi akaanza tena kutaja miti, nami nikamshukuru Mungu kwa kila jina.

Tumati habari ilitutangulia kufika, sijui kwa miguu ya nani. Jioni mzee akaisimulia mwenyewe mbele ya majirani. "Mkwe wetu aliishiwa nguvu. Nikamshika mpaka chini." Wamama wakaja kunipa pole, mmoja ameniletea mafuta ya kukanda miguu. Boay alicheka mpaka akakohoa: "Si nilisema? Mtu wa tambarare!" Nilinuna, sitaficha. Nilitaka kusema ukweli wote pale pale, na Paskalina alijua, maana aliinamisha kichwa kwenye sahani kama anayetafuta nywele. Nikamtazama mzee anavyokula kwa hamu, nikanyamaza. Usiku Boay akaniuliza kama bado kichwa kinauma, nikamwambia kinauma.

Siku ya kuondoka baba mkwe alitusindikiza hadi barabarani, amebeba mwenyewe kifurushi cha vitunguu saumu vya zawadi. Boay na Paskalina walitangulia na mabegi. Yeye akapunguza mwendo, na mimi, nisiyeruhusiwa kumpita, nikapunguza.

"Miguu inaendeleaje, mwanangu?"

"Haiumi, baba."

"Najua."

Akahamishia kifurushi mkono wa pili. Alikuwa anatazama barabara.

"Toka tulipotoka msituni," akasema, "nilikuwa namwomba Mungu mmoja wenu achoke."

Basi mkienda Hanang, chukueni maji, viazi, fimbo na sweta. Na kama mnapanda na mtu mnayemheshimu, kubalianeni kabla ya kuanza ni nani atakayechoka.