Mnyoo Mguuni mwa Baba

Baba alikuwa dereva wa lori la chakula cha msaada, Nairobi hadi kusini mwa Sudan. Akirudi kwetu mtaani Jericho anakula, analala, anaigombeza redio, huyo kaenda tena. Utotoni nilidhani kazi ya baba ni kuaga.

Safari moja akarudi akichechemea. Juu ya kifundo cha mguu palikuwa na lengelenge linalomchoma kama moto, na lilipopasuka, woi! Mnyoo ukachungulia, mweupe, mwembamba kama uzi. Jirani akasema karogwa. Nesi wa kliniki akasema uchawi wapi, ni maji ya bwawa aliyokunywa safarini mwaka uliopita, ingawa hata yeye alikuwa hajawahi kuuona ugonjwa huo kwa macho. Akauzungusha kwenye kijiti cha kiberiti, akatuonya: zungusheni kidogo kidogo kila siku, msiuvute. Ukikatikia ndani mguu utaoza, na huenda asikanyage klachi tena.

Sasa mwambie hayo mtu asiyeweza hata kungoja chai ipoe! Jioni ile ile alikishika kijiti ili avute. Mama akamchapa mkono.

"Haraka haraka haina baraka, baba watoto."

"Hiyo methali yako ikaendeshe lori!"

Lakini akamwachia. Mama alikulia Ukambani akisokota katani pajani, akisuka viondo, na vidole vyake vilijua uzi unapotaka kukatika. Kila jioni aliupakata mguu ule, akazungusha kijiti taratibu, na mnyoo ukikaza anaacha. Baba alikuwa akiuma kona ya shuka. Baadaye, ili asahau maumivu, akaanza kupiga hadithi: lori lilivyozama matopeni, alivyomwona mama mara ya kwanza kwenye kwaya akiimba nje ya sauti. Mama alicheka hadi akalazimika kukiachia kijiti. Nilizipenda jioni zile, sifichi.

Siku mnyoo ulipotoka wote, mama alipiga vigelegele majirani wakaja mbio. Baba akasimama, akakanyaga sakafu kwa nguvu. Mguu ulikuwa mzima, na tajiri wake alikuwa ameshatuma ujumbe kwamba lori limepakiwa.

Majirani walipoondoka, akaketi, akauweka ule mguu wa pili mapajani mwa mama.

"Hebu angalia na huu."

Mama alijua hauna kitu. Akaukagua polepole, kidole kwa kidole, na chai ya baba ikapoa mezani.