Mkanda wa Mashine ya Kukatia Sabuni

Pale kwenye kiwanda cha sabuni, fundi mitambo aliitwa Zimamoto, na jina lilimkaa. Mashine ikizimika, yeye huyo mbio na spana mkononi, shati nje, na watu wanampisha kama bwana harusi. Ikiwaka tena, ukumbi mzima unapiga makofi. Kwa makofi hayo aliacha chakula mezani mara zisizohesabika, na siku ya posa ya binti yake aliondoka wageni wakiwa bado wanavua viatu.

Basi alipokuja mkuu mpya wa mitambo, mama mmoja mpole waliyemwita Injinia, akasema kila Jumatano mashine zisimame kwa muda wa saa mbili zikaguliwe, Zimamoto aliona amedharauliwa.

"Mashine haiumwi, Injinia. Tunaipeleka hospitali kufanya nini?"

"Ile ya kukatia imekata mkanda mara ngapi mwaka huu?"

"Mara nne. Na mara zote nne nimeibadilishia chini ya saa moja," akajibu kwa maringo.

Injinia hakubishana. "Kesho kaa na Shangazi zamu nzima. Spana uiache karakana."

Shangazi, ambaye hakuwa shangazi wa yeyote pale, aliendesha mashine hiyo ya kukatia kwa miaka kumi na tisa. Zimamoto akaketi kando yake amenuna, mikono haina kazi. Haikupita muda mrefu, Shangazi akainamisha kichwa.

"Umesikia? Anakohoa."

"Nani?"

"Huyu. Upande wa kushoto. Ana wiki ya tatu sasa. Akianza hivi, najua mkanda hauna siku nyingi."

Zimamoto akataka kucheka, lakini kwa kuwa hakuwa na la kufanya, akanyoosha mkono akagusa kifuniko cha kushoto. Akautoa upesi akipuliza vidole. Palikuwa pa moto kama sufuria.

Walizima, akafungua. Beringi iliyoshika mhimili unaozungusha mkanda ilikuwa imekauka, grisi imegeuka ukoko mweusi, gololi zake zimelika. Mhimili ulikuwa ukicheza, na kila ulipocheza ulisugua mkanda. Mikanda minne ile haikuwa na kosa lolote.

Alichuchumaa akaigeuzageuza beringi ile. Kilichomuuma si vidole. Mara nne alipigiwa makofi kwa kazi aliyoiacha nusu.

"Shangazi, mbona hukuniambia?"

"Nikuambie saa ngapi, baba? Ukija unakimbia, ukimaliza unakimbia. Hujawahi kuniuliza."

Kesho yake, kwenye kikao cha asubuhi, Zimamoto alisimama bila kuitwa, akaeleza yote mbele ya wenzake bila kujificha. Kisha akaomba daftari moja kwa kila mashine, waendeshaji waandike wanachosikia na wanachohisi. "Hata mkiandika kwamba imeamka vibaya," akasema, "nitakuja kuiangalia."

Waliandika. Mmoja aliandika kwamba mashine ya kufungia ina hasira. Kumbe boliti mbili zilikuwa zimelegea. Jumatano zikawa siku za grisi na matambaa, Shangazi mwenyewe akishika bomba la grisi kama aliyezaliwa nalo. Miezi sita ikapita, mashine ya kukatia haijasimama isipokuwa kwa kusimamishwa.

Ndipo Zimamoto akapata Jumapili nzima ya kumtembelea dada yake mkubwa, aliyekuwa akiahidiwa ugeni huo kwa miaka mitatu. Akala huku akiitupia jicho simu iliyokuwa kando ya sahani.

"Unasubiri simu ya nani?" dada akauliza.

"Ya kazini."

"Walisema watapiga?"

"Hapana. Hawajapiga wiki ya tano hii. Ndiyo maana sina raha."

Dada akacheka hadi akajifuta machozi kwa upande wa kanga. Akaichukua simu, akaitia kwenye droo ya kabati, akamwongezea mdogo wake mchuzi.