Ndevu za Miti ya Tanurini

"Kuku wewe, mwambie huyo mkwe wangu miti ya kwake imenyolewa! Simwachi mwanangu azalie kwenye miti iliyonyolewa!"

Hidaya alikuwa uani, ameupa mlango mgongo, maana mama mkwe hatazamani na mkwewe wala hasemi naye moja kwa moja. Ndani Maneno alikuwa anakula. Naye akamjibu kuku.

"Kuku, mwambie mama moshi hauna wembe."

Asha, na mimba yake ya miezi minane, akacheka hadi akashika kiuno. Kicheko kikageuka kikohozi. Hidaya hakukipenda kikohozi kile.

Nyumba yao ilikuwa chini bondeni, jirani na tanuri la chokaa la Mjerumani mmoja aliyewauzia wajenzi wa reli. Maneno alichochea moto pale. Hidaya yeye alikuwa mkunga wa mlimani, na siku zote aliokota ndevu za miti, yale manyoya ya kijivu yanayoning'inia matawini kwenye ukungu, akawatandikia wanawake wanaojifungua. Ndiyo maana alijua zinaishia wapi. Karibu na tanuri magome yalikuwa matupu. Juu kidogo, kijitoni, kulibaki vigaga tu, vimeng'ang'ania kama upele. Kwake juu zilikuwa ndefu kama za beberu. Na watoto wawili wa mwisho aliowapokea kule chini walipumua kwa mluzi kifuani. Wote wawili walikufa kabla ya arobaini, akawaosha yeye mwenyewe.

"Kuku, mwulize mama," Maneno akasema, sasa bila utani, "nani aliyenidai mkaja mpaka nikaenda tanurini?"

Ile nguo ya mama wa bibi harusi Hidaya aliidai kweli, tena mbele za watu, kwa mdomo wake huo huo mpana. Akabeba kikapu chake, akaondoka.

Alipanda akipapasa miti, kama kawaida yake. Kwenye kona palikuwa na msambarau ambao msimu uliopita ulimjazia kikapu. Akavuta shungi moja. Likamjia lote mkononi, la manjano, jepesi, kama nywele za maiti. Akavuta jingine, vile vile. Ndani ya mzinga uliotundikwa juu hakuvuma hata nyuki mmoja. Akageuka kutazama chini: moshi ulikuwa umelala bonde zima, na kichwa chake kimeshafika pale kwenye kona.

Kumbe haukai kule chini. Unapanda.

Akarudi mbio, akaingia bila hodi, akamtazama Maneno usoni. Maneno akaangusha tonge. Asha akajifunika macho.

"Mama! Unatafuta laana!"

"Laana unayo kifuani, unaikohoa. Fungeni mizigo. Tunapita kwangu, tunakwenda kwa mjomba wako, kule juu zaidi kwenye ukungu."

"Msimamizi atanitafuta na kiboko, mama," Maneno akasema, ameinama. "Na mkaja wako bado sijaupata."

"Kiboko utapigwa wewe, mwanamume mzima. Mwanao amekosa nini?" Akalitupa lile shungi mkekani. Likavunjika, likawa vumbi. "Hilo nimelitoa kwenye msambarau wa konani. Mti wa kwangu ndio unaofuata. Mkaja nimekusamehe, Maneno. Mwanangu anasikia. Sitaudai tena, hata nizikwe uchi."

Kisha akamgeuzia mgongo, kama inavyotakiwa, akamtafuta kuku kwa macho.

"Kuku, mwambie akunje mkeka."