Chujio Linalokwenda Maonyesho

Ukitaka kumchosha Jepkemboi, mwambie chujio lake limeshinda tuzo nyingine. Mimi ni jirani yake hapa Longonot, uzio wetu ni mmoja, na nimeona chujio hilo likishinda mpaka nimechoka kwa niaba yake.

Maji ya kisima chetu ni matamu lakini yana floraidi nyingi. Mtoto akiyanywa tangu utotoni, meno yake ya ukubwani hutoka na rangi ya kahawia. Jepkemboi anayo hayo, na mimi pia. Alipokuwa msichana alipata kazi ya mapokezi katika hoteli moja huko Nakuru, akatabasamu siku moja tu, kesho yake wakampeleka jikoni kuosha sufuria. Akarudi nyumbani kulima vitunguu, akaolewa, akamzaa Cherop, akaapa kwamba huyu atacheka bila aibu.

Cherop alikuwa bado ananyonya wakati Daktari Kiptum wa chuo kikuu alipofika na ndoo mbili zilizopandana, ya juu ikiwa na unga mweusi na ya chini koki. Alisema ni teknolojia ya nano: chembe ndogo mno, hata hadubini ya shuleni haizioni, na ndizo zinazonasa floraidi. Jepkemboi hakushughulika na chembe. Alichoshika ni kwamba mtoto akinywa maji ya ile koki mpaka afike miaka minane, meno yake yatakuwa salama. Akamchinjia Daktari kuku.

Kuku wa watu! Kumbe unga ule ulikuwa mgumu kutengeneza, na chujio lililofanya kazi vizuri lilikuwa hilo moja tu. Kila palipokuwa na maonyesho ya utafiti, Daktari alikuja kuliazima.

"Ni wiki mbili tu, Mama Cherop. Wafadhili wakiiona filta hii, tutaletea kijiji kizima."

Wiki mbili zilizaa miezi. Chujio lilipigwa picha na wakubwa Eldoret, kisha Nairobi, likawamiminia wageni maji kwenye glasi, nasi huku tukasoma habari zake gazetini. Jepkemboi alikinga maji ya mvua ilipokuwapo. Kiangazi kilipobana, Cherop alikunywa maji ya kisima kama sisi sote. Mama yake aliyachemsha, ingawa aliambiwa wazi kwamba kuchemsha hakusaidii. Mama hawezi kukaa tu.

Nilimgombeza sana. Kwa nini hakatai?

"Nikikataa atampelekea mtu mwingine," alinijibu, macho yanamfumba kwa uchovu.

Mwaka huu Daktari akaja tena, amevaa suti. Kulikuwa na tuzo kubwa Nairobi. Alikuwa amekwisha kuliinua chujio wakati Cherop alipotoka nje akicheka, na jino lake la mbele la ukubwani, lililochomoza majuzi, likaonekana.

Daktari aliliweka chujio chini. Akachuchumaa mbele ya mtoto.

"Fungua mdomo, mami."

Jino lilikuwa na mistari: ncha nyeupe, kisha kahawia, nyeupe tena, kahawia tena. Sisi tulikuwa tumeona ubaya tu. Yeye alilisoma.

"Jino hujengwa pole pole, linaanzia kwa ncha," alisema, na sauti ilikuwa imeshuka. "Hapa peupe, nadhani filta ilikuwa kwenu. Hapa ilikuwa Eldoret. Na hii... hii ni Nairobi."

Nilitaka kumtukana, lakini uso wake ulikuwa umeshashuka wenyewe. Kisha, Mungu amsamehe, mkono ukaingia mfukoni ukatoka na simu.

"Mama Cherop, naomba nipige picha. Hakuna ushahidi mzuri kuliko huu."

Nilimgeukia Jepkemboi nikingoja alipuke. Hakulipuka. Alikuwa amechoka mno.

"Piga," alisema. "Peleka picha. Filta haitoki hapa tena. Wakitaka kuiona, waje na vikombe vyao."

Daktari akapiga picha, akaondoka mikono mitupu. Tumesikia alishinda. Jino la Cherop lilioneshwa ukutani, kubwa kama mlango, na watu wakasimama kupiga makofi. Nilipompelekea Jepkemboi habari hizo hakuuliza hata swali moja. Alikuwa akimhimiza Cherop amalize kikombe, kwa sababu meno ya nyuma bado yanajengwa ndani ya fizi, na hayo ndiyo aliyobakiwa nayo ya kuokoa.