Sifuri za Bustani

Mtaani walimwita Bwana Maswali. Kwa miaka kumi na tisa alizunguka na madodoso ya manispaa akiuliza watu habari za masoko, vyoo na taa za barabarani, na maneno yake yangemtoa nyoka pangoni.

Safari hii aliulizia bustani ya umma iliyo nyuma ya hospitali. Manispaa ilitaka kuikata nusu iwe maegesho ya magari, na wachumi wakasema kwanza ijulikane ina thamani gani kwa wanaoitumia. Swali la kumi na moja ndilo lililobeba yote: ungekuwa tayari kulipa kiasi gani kwa mwezi ili bustani ibaki ilivyo?

Wa kwanza kuulizwa alikuwa shangazi yake. Kila asubuhi alimleta pale mumewe, aliyepooza upande mmoja, ajifunze kutembea upya kivulini.

"Silipi hata senti," shangazi akasema. "Nikitaja kitu tu, kesho mtaweka mkata tiketi getini. Nawajua nyinyi."

"Shangazi, hili ni swali tu."

"Na hilo ni jibu tu. Andika."

Akacheka, akaandika sifuri. Wengi walijibu hivyohivyo, kwa hofu ileile. Chini ya swali palikuwa na nafasi ya kueleza kwa nini mtu amekataa, ili sifuri ya hofu isihesabiwe kama sifuri ya asiyejali. Aliiacha tupu, karatasi baada ya karatasi, kwa sababu alibakiwa na watu mia tatu na siku tano. Mtu aliyeijua kazi kama yeye! Hapo ndipo ninaposhindwa kumtetea.

Mkutanoni mchumi alisoma alicholetewa: wakazi hawaoni thamani ya bustani. Miti ikakatwa. Bwana Maswali akaomba utafiti urudiwe, mkuu wake akamjibu kwamba maji yakimwagika hayazoleki.

Alipokwenda kwa shangazi, alimkuta akimtembeza mumewe ukumbini: hatua sita, ukuta, kugeuka, hatua sita tena. Mzee alikuwa amejigonga bega.

"Mwanangu, unisamehe," shangazi akasema. "Ningetaja hata kidogo, labda wangeiacha. Ubahili wangu ndio umemfungia huyu ndani."

Alijua la kumwambia: habari ya ile nafasi aliyoiacha tupu. Lakini aibu ikamshinda.

"Yamekwisha, shangazi," akasema. "Usijilaumu sana."

Shangazi akamshukuru kwa kutomkasirikia.